Tathmini ya Programu ya Simu Inayoahidi Kupoza Kiu ya Kisasi

Kwa siku 40 nimeitumia programu ya simu inayojinadi kwamba itamsaidia mtu aliyekosewa kuituliza kiu ya kulipiza kisasi. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa programu za aina hii zipo kadhaa na zimeundwa kwa vifaa vinavyofanana mno: kuna ukurasa wa kupimia hasira, kuna barua isiyotumwa, kuna ngoma ya kupiga na kikaragosi cha kuchoma pini, kuna mizani ya adhabu, kuna masomo mafupi ya saikolojia na, mwishoni, kuna ngazi ya kupandia hadi kwenye msamaha. Aliyewahi kufungua mojawapo ataitambua hii mara moja. Ninachokusudia kupima hapa si uzuri wa rangi zake wala wepesi wa vitufe vyake, ambavyo havina kasoro ya kutaja, bali ni kama waliounda kila kifaa walielewa kwanza ni kwa nini mtu hutaka kulipiza kisasi. Jibu langu ni kwamba walielewa katika kifaa kimoja, wakakosea katika viwili, na katika vilivyobaki walielewa nusu.

Niliingia humo nikiwa na kisa changu. Mwenzangu kazini, mtu niliyemfundisha mwenyewe namna ya kuchambua takwimu, aliiwasilisha ripoti tuliyoiandika pamoja kwa miezi minane kama kazi yake peke yake, na jina langu halikuonekana hata kwenye ukurasa wa shukrani. Sikupandisha sauti. Nilirudi mezani kwangu, nikaandika barua pepe isiyo na jina la mwandishi, iliyoorodhesha makosa yake yote niliyokuwa nimemfichia kwa miaka mitatu, nikaihifadhi bila kuituma, na kwa wiki mbili zilizofuata nikawa naifungua kila usiku ili kuongeza kosa moja au kunoa sentensi moja. Mtu anayenoa sentensi usiku wa manane kwa ajili ya mtu mwingine aliyelala usingizi wake mnono anahitaji msaada. Nilichagua msaada wa chombo badala ya ule wa binadamu kwa sababu niliamini kwamba chombo hakina mdomo wa kusimulia. (Hata hilo halikuwa kweli, nitalifikia.)

Jambo la kwanza ambalo programu inakuuliza ni ukadirie, kwa kipimo cha 1 hadi 10, utakavyojisikia muda mfupi baada ya kulipiza kisasi. Niliandika 9 bila kusita. Programu haikunibishia, ililiweka jibu langu akibani, ikaniambia kwamba italihitaji baadaye, kisha ikanifungulia muhtasari wa utafiti wa Kevin Carlsmith, Timothy Wilson na Daniel Gilbert uliochapishwa mwaka 2008. Washiriki wa utafiti huo walicheza mchezo wa kuchangia fedha katika mfuko wa pamoja, na mchezaji mmoja, ambaye kwa kweli alikuwa ametengenezwa na watafiti, aliwahimiza wenzake wachange kwa ukarimu, kisha yeye mwenyewe akabana mkono na kuvuna alichochanga mwingine. Baadhi ya washiriki walipewa nafasi ya kumwadhibu, baadhi hawakupewa, na wengine waliombwa tu wakadirie wangejisikiaje. Waliokadiria waliamini kwamba adhabu ingewapa nafuu. Kumbe waliomwadhibu ndio walioishia kujisikia vibaya zaidi, na ndio waliozidi kumfikiria yule mlaghai, kuliko walionyimwa nafasi ya kumgusa. Maelezo ya watafiti yananishawishi: aliyefungwa mikono hulazimika kulipunguza jambo ukubwa ili aweze kuendelea na shughuli zake, ilhali aliyelipiza amekwisha kulitangaza kwa kitendo chake kwamba ni jambo kubwa, na kubwa haliondoki kichwani kwa urahisi.

Naipongeza programu kwa kuniuliza kabla ya kunifundisha. Kama ingenipa matokeo ya utafiti kwanza, ningeandika 5 kwa unafiki, ili nionekane mtu mwenye busara mbele ya simu yangu mwenyewe. Kwa kuwa niliandika 9, nilijikuta nimesimama safu moja na wale waliokadiria vibaya, na hakuna somo linaloingia haraka kama lile linalokukuta umeshakosea.

Sehemu ya pili, inayoitwa barua isiyotumwa, ndiyo iliyobeba programu nzima. Kwa juu juu haina jipya, kwani ushauri wa kumwandikia aliyekukosea barua kisha kuichana ni wa zamani. Upya wake uko katika swali linalotangulia kila ukurasa mtupu. Programu haikuulizi unataka kumfanya nini, inakuuliza: «Unataka ajue nini?» Mara ya kwanza nililipuuza swali hilo na kuandika matusi, kurasa mbili nzima, ambayo kesho yake yalinitia aibu zaidi kwa uhafifu wa lugha kuliko kwa ukali. Siku ya nne niliandika kwamba nataka ajue kuwa nimemdharau. Siku ya sita niliandika kwamba nataka kila mtu ajue. Siku ya tisa ndipo nilipoandika sentensi ambayo bado inanishangaza, kwa sababu sikujua kwamba ilikuwamo ndani yangu: nataka ajue kwamba sura ya tatu na ya nne zilimeza likizo yangu yote, na kwamba nilikuwa nimekaa safu ya nyuma nikimwona anapigiwa makofi.

Katika sentensi hiyo hamna maumivu ya mtu yeyote isipokuwa yangu. Sikutaka avunjike mguu, wala afukuzwe kazi; nilitaka ajue. Hili linaafikiana na yale ambayo Mario Gollwitzer na wenzake wamekuwa wakiyachunguza kwa miaka mingi, kwamba kisasi ni ujumbe kabla ya kuwa kipigo. Katika utafiti wao wa mwaka 2011, watu waliodhulumiwa na mshirika wao katika kugawana tiketi za bahati nasibu walipewa nafasi ya kulipiza, kisha waliolipiza wakapokea jibu kutoka kwa aliyewadhulumu. Wengine walijibiwa na mtu aliyeonyesha kuelewa kwamba ameadhibiwa kwa sababu ya uchoyo wake mwenyewe, na wengine walijibiwa na mtu aliyeshangaa na kulalamika. Kipigo kilikuwa kilekile kwa pande zote mbili, lakini walioridhika walikuwa ni wale waliopata jibu la kuelewa. Aliyempiga mtu asiyejua anapigwa kwa nini amepoteza nguvu zake bure, na pengine hii ndiyo sababu mlipiza kisasi wa hadithini hupenda kujitambulisha kwanza, hata pale ambapo kujitambulisha huko kunamharibia mpango mzima. Barua pepe yangu isiyo na jina, niliyoinoa kwa wiki mbili, isingeweza kunipa nilichokitaka hata kama ingemfukuzisha kazi, kwa kuwa ingemfikia bila mimi kuwamo.

Sasa nije kwenye kifaa ambacho, kwa maoni yangu, kinafaa kuondolewa katika sasisho lijalo. Kinaitwa ngoma. Unaweka picha ya aliyekukosea katikati ya skrini, kisha unaipiga kwa vidole kadiri unavyoweza, simu inatetemeka, sauti inarindima, na namba inapanda kuonyesha kiasi cha hasira ulichotoa. Maelezo yaliyoandikwa chini yake yanadai kwamba hasira iliyofungiwa ni kama mvuke ndani ya sufuria, isipotoka italipua kifuniko. Picha hiyo ya mvuke ni tamu na ni ya uongo. Mwaka 2002 Brad Bushman alichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi 600, nusu wanaume na nusu wanawake, waliokasirishwa kwa makusudi kwa kupewa maoni ya kuwadhalilisha juu ya insha walizoandika. Kundi moja lilipiga mfuko wa mazoezi huku likimfikiria aliyewakosea, kundi la pili liliupiga huku likifikiria afya ya mwili, na kundi la tatu lilikaa kimya tu kwa dakika chache. Waliopiga huku wakimfikiria mkosaji ndio waliobaki na hasira nyingi zaidi. Walipopewa nafasi ya kumrushia mtu huyo kelele za kuumiza masikio, waliokuwa wapole kuliko wote ni wale waliokaa kimya, yaani wale ambao kwa hesabu ya sufuria walipaswa kuwa wamekaribia kulipuka.

Nimeijaribu ngoma hiyo mara tatu kwa ajili ya tathmini hii, na mara zote tatu nimeamka kutoka kitini mapigo ya moyo yakienda mbio na maneno mapya ya kuongeza kwenye ile barua pepe. Kinachonikera zaidi ni kwamba kifaa hiki hakimkosei tu mtumiaji. Kinamfundisha imani mbaya. Bushman, akiwa na Roy Baumeister na Colleen Phillips, alionyesha mwaka 2001 kwamba wanaoamini kuwa kumwaga hasira huleta nafuu huwa wakali wakikasirishwa, lakini wakidanganywa kwamba wamemeza kidonge kinachogandisha hali ya moyo, ili isiweze kubadilika kwa saa moja, ukali wao unapungua. Maana yake ni kwamba hawakuwa wakisukumwa na mvuke wowote. Walikuwa wakinunua nafuu, na walipoambiwa kwamba duka limefungwa hawakuona sababu ya kwenda sokoni. Programu inayokuambia kila asubuhi kwamba kupiga kunaponya inalifungua duka hilo upya.

Kikaragosi cha pini, ambacho kiko ukurasa uleule na ambacho nilitarajia kukishutumu kwa pumzi hiyohiyo, kimenitatiza. Mwaka 2018 Lindie Hanyu Liang na wenzake walipata tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kazi yao kuhusu wafanyakazi waliokumbuka unyanyasaji wa mabosi wao kisha wakaruhusiwa kumchoma pini kikaragosi cha kwenye kompyuta kilichomwakilisha bosi huyo. Waliochoma walihisi kwamba haki imerudi kiasi kuliko wasiochoma. Je, hili halipingani na habari ya mfuko wa mazoezi? Nimelifikiria sana, na sidhani kwamba yanapingana moja kwa moja, kwa kuwa walichopima watafiti hawa ni hisia ya haki, wala si kiasi cha hasira, na mtu anaweza kuhisi kwamba mizani imesawazika huku mikono yake ikiwa bado inatetemeka. Mimi nilichoma pini mbili, nikajiona mjinga, nikacheka, na kicheko hicho kilinifaa kuliko pini. Kifaa hiki kibaki, lakini kitenganishwe na ngoma, na maelezo ya sufuria yafutwe.

Mizani ya adhabu ni wazo zuri lililoachwa njiani. Unaandika kosa upande mmoja, unaandika adhabu unayoitaka upande wa pili, na programu inakuuliza kama zinalingana. Neno letu lenyewe linadai ulingano huo: kisasi limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya malipo yaliyo sawa na kosa, na Kiswahili kikalifungia kwenye kitenzi cha deni, tukawa tunalipa na kulipiza kana kwamba kuna daftari mahali fulani. Kanuni ya jicho kwa jicho, ambayo leo hutajwa kama mfano wa ukatili, ilikuwa pia kizuizi kwa yule ambaye angetaka macho mawili. Tatizo ni kwamba anayepima ni yuleyule aliyeumia, na kipimo chake kimepinda kabla hajaanza. Sukhwinder Shergill na wenzake walilithibitisha mwaka 2003 kwa jaribio lisilo na hasira hata chembe. Watu wawili walibonyezana vidole kwa zamu kwa kutumia mashine, kila mmoja akiagizwa kurudisha nguvu ileile aliyoipokea, bila kuzidisha wala kupunguza. Kwa kila zamu nguvu iliongezeka kwa wastani wa takriban asilimia 38, na kila mmoja alijiona mwaminifu, kwa sababu ubongo hupunguza hisia ya nguvu tunayoitoa wenyewe na kuacha ile tunayopokea ibaki kamili. Wazee waliosema kwamba mtenda akitendewa hudhani ameonewa hawakuwa na mashine, lakini walikuwa na macho.

Programu haikutaja utafiti huo popote. Ningetegemea basi itaje ule wa Baumeister, Arlene Stillwell na Sara Wotman wa mwaka 1990, ambao ungeweza kugeuzwa kuwa zoezi zuri mno: kila mshiriki aliandika visa viwili, kimoja cha siku aliyokosewa na kingine cha siku aliyokosa yeye. Watu walewale, walipoandika wakiwa wakosewa, walieleza dhuluma isiyo na sababu ambayo madhara yake yanaendelea hadi leo. Walipoandika wakiwa wakosaji, walieleza tukio la siku moja, lenye sababu zinazoeleweka, lililokwisha zamani. Mtenda husahau, mtendewa hasahau, na wote wawili ni mtu mmoja anayebadilisha kiti. Nilijiwekea zoezi hilo mwenyewe nje ya programu, nikaandika kisa cha siku niliyomwacha rafiki yangu abebe lawama iliyokuwa yangu. Kilinitoka katika sentensi tatu. Kisa cha ripoti kilikuwa na kurasa kumi na moja.

Katika masomo mafupi ya saikolojia, ambayo yako 12, ndimo nilimokutana na dosari kubwa kuliko ya ngoma, ingawa imevaa nguo nadhifu zaidi. Somo la tano linatangaza kwamba kisasi ni uraibu, na linatoa ushahidi wa utafiti uliofanyika Zurich na kuchapishwa mwaka 2004, ambamo Dominique de Quervain, Ernst Fehr na wenzao walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakiamua kuwaadhibu wenzao waliovunja uaminifu katika mchezo wa fedha. Ni kweli kwamba eneo la ndani ya ubongo liitwalo striatamu, linalohusika na mambo ya tuzo na raha, liliamka wakati wa kuadhibu, na kwamba wale ambao eneo hilo liliamka zaidi walikuwa tayari kulipa gharama kubwa zaidi ili adhabu itolewe. Lakini eneo hilo huamka pia kwa fedha na kwa mambo mengine mengi tunayoyatamani, na kuruka kutoka hapo hadi kumwita kila mwenye fundo moyoni mraibu ni kurukia ng'ambo ya mto bila daraja. Zaidi ya hayo, watafiti wenyewe hawakuliona jambo hilo kuwa ugonjwa. Waliliona kuwa sehemu ya maelezo ya namna wanadamu wanavyoweza kushirikiana na watu wasiowajua.

Upande huo wa pili wa habari ndio ambao programu imeuficha kabisa. Fehr na Simon Gächter walionyesha mwaka 2002 kwamba vikundi vinavyoruhusiwa kuwaadhibu wanaokula bila kuchangia hudumisha michango mikubwa, ilhali vikundi visivyo na adhabu huona michango ikishuka raundi baada ya raundi. Tangu mwaka 1982, Werner Güth na wenzake walipoanzisha mchezo ambamo mmoja anapendekeza mgawanyo wa fedha na mwenzake anakubali au anazikataa ili wote wakose, imeonekana mara nyingi kwamba watu hukataa fungu dogo la dhihaka, hata kama kukataa ni kukata pua zao wenyewe. Mwanasaikolojia Michael McCullough anatetea hoja kwamba hamu ya kulipiza kisasi ilijengeka ndani yetu kwa sababu iliwazuia wengine wasitukosee tena, na kwamba msamaha nao ulijengeka humohumo, kwa ajili ya kuokoa mahusiano yenye thamani. Mtu anayeelewa hili hataona haya kwa hasira yake; atajiuliza inalinda kitu gani. Mimi kwa kweli nilikuwa na kitu cha kulinda, kwani ripoti nyingine ilikuwa njiani, na programu ilinitaka nitulie bila kuniuliza kama nitaibiwa tena.

Kasoro hiyo inageuka kuwa hatari kwa mtumiaji ambaye aliyemkosea bado anaendelea kumkosea, hasa ndani ya nyumba. Mtu huyo anahitaji ulinzi, mashahidi na vyombo vya sheria, na programu ingepaswa kumuuliza swali hilo katika ukurasa wa kwanza kabisa kabla ya kumpa kikaragosi. Haimuulizi mahali popote.

Ngazi ya msamaha ina hatua saba na nimezipanda zote. Ushahidi unaotajwa hapo ni wa kweli: Charlotte Witvliet na wenzake waliwaweka watu 71 katika maabara mwaka 2001, wakawataka wamkumbuke mtu aliyewaumiza, mara wakifuga kinyongo na mara wakijaribu kumwonea huruma na kumsamehe, na ilionekana kwamba wakati wa kinyongo mapigo ya moyo, shinikizo la damu na jasho la ngozi vilipanda zaidi. Ninachokilalamikia ni mwendo. Hatua ya tatu inafunguka siku ya kumi hata kama bado unaandika matusi, na ukichelewa unaletewa arifa ya kukuhimiza. Arifa zenyewe ni kichekesho kinachostahili aya yake. Kila siku saa mbili asubuhi simu yangu ilitetemeka na kuniuliza: «Je, bado unamfikiria aliyekukosea?» Kuna asubuhi nilizoamka nikiwa nimemsahau kabisa, nikiwaza kazi na familia, hadi simu iliponikumbusha kwa upole. Programu iliyojengwa juu ya utafiti unaosema kwamba kumcheua mkosaji ndiko kunakorefusha maumivu imeajiri tarishi wa kumleta mlangoni kila asubuhi. Arifa hizo zinaweza kuzimwa, lakini kitufe chake kimefichwa kurasa nne ndani ya mipangilio, nami nilikifikia siku ya kumi na saba.

Kuhusu faragha nitakuwa mfupi, kwa kuwa hakuna la kujadili. Barua zote unazoandika huhifadhiwa kwenye seva za kampuni, hazina nywila ya peke yake, na nilipoingia kwa kutumia simu ya pili nilizikuta zote zikinisubiri, matusi ya siku ya kwanza yakiwa juu kabisa. Andika barua yako kwenye karatasi. Kuhusu lugha, Kiswahili chake kinasomeka, isipokuwa kinachanganya kisasi na kinyongo kila mahali. Kinyongo mtu anaweza kukifuga maisha yake yote bila kuinua mkono, na kuna anayelipiza papo hapo akalala bila kinyongo chochote. Anayeulizwa «kisasi chako kina ukubwa gani leo» hajui anaulizwa habari ya moyo au ya mkono.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili na nusu kati ya hizo ni za swali moja, lile la kutaka ajue nini, na nusu ni ya kikaragosi kilichonichekesha. Anayetaka kunufaika bila kuisakinisha anaweza kuliandika swali hilo juu ya karatasi tupu na kulijibu kila siku hadi jibu litakapoacha kubadilika.

Langu liliacha kubadilika siku ya tisa, kama nilivyosema, na likakaa hivyo kwa wiki tatu. Siku ya 31 nililinakili kutoka kwenye barua isiyotumwa, nikaongeza salamu juu na jina langu chini, nikamtumia mwenzangu. Programu haina kitufe cha kutuma, na sidhani kwamba waundaji walikusudia mtu yeyote afanye hivyo. Jibu lilikuja baada ya siku tano, likiwa na sentensi nne. Alikiri kwamba zile sura mbili ni zangu, kwamba alilijua hilo kabla hajapanda jukwaani, na kwamba atamwandikia mkuu wetu na kunipa nakala. Sentensi ya nne ilikuwa ya kujitetea, nami nimeisoma mara moja tu.

Siku ya 40 programu ililitoa akibani lile jibu langu la kwanza, ikanionyesha 9 yangu, kisha ikaniuliza upya ningejisikiaje baada ya kulipiza kisasi. Niliandika 3. Skrini ilijaa maua ya karatasi na maandishi ya kunipongeza kwa kusamehe. Sijamsamehe bado. Ile barua pepe isiyo na jina, hata hivyo, niliifuta usiku uleule jibu lake lilipofika, pamoja na sentensi zake zote zilizonolewa.